Kufunga Uzazi kwa Wanaume si Kuhasiwa

Katika wilaya za Tororo na Busia, kuanzia vijiji vinavyouzunguka mwamba mkubwa wa Tororo mpaka kwenye vituo vya forodha vya mpakani, hakuna mkulima asiyemjua maksai. Tangu plau ilipoenea Teso na Bukedi pamoja na kilimo cha pamba, mwanzoni mwa karne ya 20, maksai amekuwa mfanyakazi wa kutegemewa shambani. Lakini kila mtu anajua pia jinsi fahali anavyogeuzwa kuwa maksai. Korodani zake huharibiwa au huondolewa, na baada ya hapo tabia yake hubadilika: ukali humwisha, hamu ya majike humtoka, na shingo yake huikubali nira. Kwa sababu hiyo, mwanamume wa sehemu hizo anapoambiwa kwamba hospitalini upo upasuaji mdogo wa kufunga uzazi wa wanaume, si ajabu akauliza kwa mzaha ulio nusu hofu: "Mnataka kutufanya maksai?"

Swali hilo halistahili kuchekwa. Ni swali la mtu anayetaka kujua atakatwa nini na atabaki na nini, na kila mwenye akili hana budi kuuliza hivyo kabla hajalala juu ya meza ya daktari. Mazungumzo ya leo yanakusudia kulijibu. Yanaelekezwa hasa kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi, wawe katika kambi ya Rubongi, katika vituo vya polisi vya Tororo na Busia, au katika ulinzi wa mpaka wenyewe. Maisha ya askari yana uhamisho, safari ndefu na miezi mingi ya kuwa mbali na nyumba, na mambo hayo hulipa suala hili uzito ambao raia wa kawaida huenda asiuone.

Kwanza, upasuaji wenyewe ni nini? Korodani za mwanamume zina kazi mbili zilizo mbalimbali. Kazi ya kwanza ni kutengeneza mbegu za uzazi. Kazi ya pili ni kutengeneza homoni ya kiume, yaani kile kichocheo kinachompa mwanamume sauti nzito, ndevu, misuli na hamu ya tendo la ndoa. Mbegu husafiri kwa njia ya mirija miwili, mmoja kutoka kila korodani, mpaka zikutane na majimaji yanayotengenezwa na tezi zilizoko ndani zaidi ya mwili. Ama ile homoni, haipiti katika mirija hiyo hata kidogo. Yenyewe huingia moja kwa moja katika damu na kuenezwa mwilini.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Fahali anayehasiwa hupoteza kazi zote mbili za korodani, na kwa hiyo hupoteza uzazi pamoja na udume wake. Mwanamume anayefungwa uzazi haguswi korodani. Linalofanyika ni kukata ile mirija miwili ya kupitishia mbegu na kuziba ncha zake. Mbegu huendelea kutengenezwa, lakini hukosa njia ya kutokea, na mwili huziyeyusha na kuzinyonya. Homoni huendelea kuingia katika damu kama ilivyokuwa jana na juzi. Manii hutoka kama kawaida, kwa sababu mbegu ni sehemu ndogo sana ya majimaji yale, na sehemu iliyobaki hutoka katika tezi ambazo hazikuguswa. Mwenyewe hawezi kuona tofauti kwa macho, wala mkewe hawezi kuitambua. Sauti haibadiliki, ndevu hazipukutiki, na nguvu za kubeba bunduki na kupanda mlima hubaki zile zile.

Upasuaji huu, ambao madaktari huuita vasektomi, hufanywa kwa dawa ya ganzi, mgonjwa akiwa macho na akizungumza. Huchukua muda wa dakika 15 hadi 30, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Zamani daktari alipasua ngozi kwa kisu kidogo na kuishona. Mwaka 1974 daktari mmoja wa Kichina, Li Shunqiang wa jimbo la Sichuan, alibuni njia ya kutoboa tundu dogo tu katika ngozi ya mfuko wa korodani, kuutoa mrija mmoja baada ya mwingine, kuufunga na kuurudisha, bila ya kuhitaji nyuzi za kushonea. Njia hiyo imeenea duniani kote kwa kuwa hupunguza kuvuja damu na maumivu. Majirani zetu Wagisu wa milima ya Elgon, ambao vijana wao husimama hadharani bila ya kupepesa jicho wakati wa tohara, wangeona kwamba tundu hili si jambo la kumtisha mwanamume.

Hata hivyo haifai kumdanganya mtu kwamba hakuna maumivu kabisa. Baada ya ganzi kuisha, huwapo maumivu na uvimbe kidogo kwa siku chache. Mara chache damu huvilia ndani ya ngozi au kidonda hupata uambukizo, na watu wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu. Kwa hiyo yampasa mtu apumzike siku mbili, avae chupi inayobana vizuri, aweke kitambaa cha baridi, na kwa muda wa wiki moja hivi asibebe mizigo mizito, asiendeshe baiskeli wala asiingie katika gwaride. Askari anayefanyiwa upasuaji huu amweleze mapema daktari wa kikosi ili apewe mapumziko yanayostahili, badala ya kujificha na kutonesha kidonda katika mazoezi ya asubuhi. Akiona homa, usaha, damu isiyokoma au uvimbe unaozidi kukua, arudi hospitalini mara moja.

Sasa, ndugu msikilizaji, tunafika penye jambo ambalo, lisipofahamika, linaweza kuvunja nyumba na hata kumwaga damu. Jambo hilo ni kwamba upasuaji huu haufanyi kazi siku ile ile.

Kila askari aliyepangiwa zamu Malaba anaufahamu msururu wa malori yanayotoka Mombasa kuelekea Kampala, Kigali na Juba. Geti la mpaka likifungwa saa sita ya usiku, lori lililoko upande wa Kenya litasimama. Lakini yale yaliyokwisha kuvuka geti saa tano yako njiani tayari kuelekea Tororo na Jinja, na kufungwa kwa geti hakuyarudishi nyuma. Hali ni hiyo hiyo katika mwili wa mwanamume. Siku mirija inapofungwa, mbegu zilizokwisha kupita mahali hapo bado zimo ndani, na zinaweza kutunga mimba. Huchukua muda wa miezi mitatu kwisha. Katika miezi hiyo mitatu, mume na mke hawana budi kutumia njia nyingine ya kuzuia mimba, kama vile kondomu kwa mume au sindano kwa mke. Baada ya miezi mitatu mwanamume arudi hospitalini, manii yake yapimwe kwa darubini, na ahakikishiwe kwamba hayana mbegu tena. Siku hiyo ya kupimwa, na siyo siku ya kupasuliwa, ndiyo siku anayoweza kusema kwamba kazi imekwisha.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mahali ambapo wanaume hawapimwi baada ya upasuaji, wake 2 hadi 3 katika kila 100 hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Wanaume wanapopimwa, idadi hiyo hushuka chini ya mmoja katika 100. Aidha, kwa nadra sana, ncha za mrija zilizokatwa huweza kujiunga tena zenyewe baada ya muda.

Tuchukue mfano wa askari mmoja wa kubuni, ambaye hatuna haja ya kumpa jina. Ana watoto sita, na yeye na mkewe wamekubaliana kwamba wanatosha. Anapata likizo, anafungwa uzazi, na wiki mbili baadaye kikosi chake kinapelekwa Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kutumwa mwezi wa Machi 2007. Kabla ya kuondoka analala na mkewe akiamini kwamba jambo limekwisha, kwani hakuna aliyemweleza habari za miezi mitatu, au alielezwa lakini hakusikiliza. Akiwa Mogadishu anapigiwa simu kwamba mkewe ni mja mzito. Je, mtu huyo atafikiri nini? Hatafikiri habari za mbegu zilizobaki. Atafikiri habari za mwanamume mwingine. Atamaliza zamu yake kwa uchungu, na atarudi nyumbani akiwa amekwisha kuhukumu kesi ambayo hakuna shahidi aliyesikilizwa.

Mke wa mtu huyo hana kosa. Daktari huenda hana kosa. Kosa ni la kutokujua. Na kutokujua kwa mtu ambaye kazi yake ni kushika silaha ni hatari kuliko kutokujua kwa mtu mwingine. Kwa hiyo, askari yeyote aliyefunga uzazi, ambaye mkewe anapata mimba, ayakumbuke mambo mawili kabla hajafungua kinywa. La kwanza, je, miezi mitatu ilikuwa imepita? La pili, je, alipimwa? Kama bado ana shaka, aende akapimwe manii. Polisi wanafundishwa kwamba upelelezi hutangulia kukamata. Kanuni hiyo ifuatwe nyumbani pia.

Jambo la pili lenye uzito ni kwamba vasektomi ni njia ya kudumu. Vidonge vya mwanamke vikiachwa, uzazi hurudi. Sindano ya miezi mitatu ikiachwa, uzazi hurudi, ingawa huchelewa kidogo. Vipandikizi vya mkononi na kitanzi hufanya kazi kwa miaka kadhaa, navyo vikitolewa mwanamke hushika mimba. Lakini mirija ya mwanamume ikikatwa, yafaa ihesabiwe kwamba imekatwa kwa maisha. Ni kweli kwamba wapo madaktari wanaoweza kuiunga tena. Kazi hiyo ni ngumu, gharama zake ni kubwa, na hata ikifanywa vizuri hakuna anayeweza kumhakikishia mtu kwamba atazaa. Kadiri miaka inavyopita tangu kufungwa, ndivyo tumaini linavyopungua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa sababu hiyo wapo watu ambao wangefaa kungoja. Kijana wa miaka 24 aliyetoka chuo cha mafunzo na ana mtoto mmoja, asikimbilie njia hii kwa kuwa mwezi huu ameona mshahara hautoshi. Mtu aliyegombana na mkewe asiitumie kama adhabu. Aliyefiwa au aliyepata msiba mkubwa angoje mpaka moyo wake utulie. Na askari ajiulize maswali yaliyo machungu, ambayo ni heri kuyajibu kabla kuliko baada: Je, mke wangu akifa, nikaoa mwingine, nitataka watoto? Je, ndoa hii ikivunjika? Je, Mungu apishe mbali, watoto wangu wakipatwa na ajali au ugonjwa? Aliye na wake wawili au watatu akumbuke kwamba amefunga kwa wote, na wote wanastahili kujua. Kama jibu la maswali hayo ni "labda", basi dawa yake ni njia ya muda, na njia za muda ni nyingi. Kama jibu, baada ya kulala na wazo hilo miezi kadhaa, ni "nimekwisha kumaliza, na mwenzangu amekwisha kumaliza", basi hapo vasektomi inaweza kuwa njia nzuri kuliko zote.

Kwa nini iwe nzuri? Hebu tuangalie mzigo huu umebebwa na nani mpaka sasa. Katika Uganda, kama katika nchi jirani, karibu kazi yote ya kupanga uzazi hufanywa na wanawake. Wao ndio wanaochomwa sindano, wanaomeza vidonge, wanaowekewa vipandikizi, na wanaovumilia damu isiyo na mpango na maumivu ya kichwa. Hata pale mume na mke wanapokubaliana kufunga uzazi moja kwa moja, anayepelekwa hospitalini ni mke. Ilhali mirija ya mwanamke iko ndani ya tumbo, na kuifikia hulazimu tumbo lipasuliwe, na mirija ya mwanamume iko chini ya ngozi tu. Upasuaji wa mwanamume ni mwepesi zaidi, una hatari ndogo zaidi, na kupona kwake ni kwa haraka zaidi. Pamoja na hayo, wanaume waliofunga uzazi katika Uganda hawafiki hata mmoja katika kila mia.

Mzigo huo wa wanawake si wa maumivu peke yake. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 189 hufariki kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Idadi hiyo imepungua sana, kwani mwaka 2016 ilikuwa 336, lakini kila mmoja wa hao 189 ni mama wa watu na mke wa mtu. Mimba ya saba au ya nane, kwa mwanamke aliyekwisha kuchoka, ina hatari kuliko ya pili. Askari aliyeapa kulinda maisha ya raia anayo nafasi ya kulinda maisha ya mwenzake kwa dakika 20 za kulala juu ya meza.

Liko pia suala la ardhi na malezi. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta watu milioni 9.5 katika Uganda. Hesabu ya mwaka 2024 ilikuta milioni 45.9. Mwamba wa Tororo haukuongezeka, wala mashamba yanayouzunguka hayakupanuka. Shamba alilolima babu kwa maksai wawili, leo limegawanywa kwa wajukuu mpaka maksai hapati nafasi ya kugeuka. Ndani ya kambi za polisi hali inajulikana: zile nyumba za bati za duara, ambazo askari wenyewe walizipa jina la "mama ingia pole", hazikujengwa kwa ajili ya mume, mke na watoto saba. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa mwaka 1997, serikali ilianza kwa kuahidi kuwalipia watoto wanne wa kila familia, na wengi walijikuta wakichagua nani aende na nani angoje. Ng'ambo ya pili ya mpaka, nchini Kenya, mwanamke mmoja alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2022 wastani huo ulikuwa 3.4. Katika Uganda mwaka huo huo wa 2022 ulikuwa 5.2. Watu wa Busia moja na Busia nyingine wanasalimiana kila siku sokoni, na wanaweza kulinganisha wenyewe bila ya kufundishwa na redio.

Lakini hapa yapasa kusema neno moja kwa nguvu, hasa kwa watu waliozoea kupokea na kutoa amri. Kufunga uzazi ni jambo la hiari. Hakuna kamanda anayeweza kumwamuru askari wake, wala askari anayeweza kumlazimisha raia. Historia imeonyesha matokeo ya kufanya kinyume. Katika jimbo la Indiana, Marekani, sheria ya mwaka 1907 iliruhusu wafungwa na watu waliohesabiwa kuwa dhaifu wa akili wafungwe uzazi bila ya ridhaa yao. Katika Ujerumani, chini ya sheria ya utawala wa Hitler ya mwaka 1933, watu wapatao 400,000, wanaume kwa wanawake, walifungwa uzazi kwa nguvu.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa India. Nchi hiyo ilikuwa imeanza vizuri. Katika Ernakulam, jimbo la Kerala, mwezi wa Julai 1971, watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi katika kambi moja kubwa ya mwezi mmoja, nao walikuja wenyewe, ingawa walipewa zawadi. Halafu ikaja hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Juni 1975. Maofisa wa serikali, walimu na polisi wakapewa hesabu ya watu wa kuwaleta, na asiyetimiza hesabu alizuiliwa mshahara. Mwezi wa Novemba 1976, katika jimbo la Haryana, polisi walikizingira kijiji cha Uttawar usiku na kuwachukua wanaume. Katika muda wa mwaka mmoja wanaume wapatao milioni 6 walifungwa uzazi nchini humo. Mwezi wa Machi 1977 wananchi walipopata nafasi ya kupiga kura, waliiondoa serikali ya Indira Gandhi, na yeye mwenyewe akapoteza kiti chake cha bunge. Hasara haikuishia hapo. Wanaume wa India waliichukia vasektomi kwa miaka mingi, na mzigo wote ukarudi kwa wanawake, ambao mpaka leo ndio wanaopasuliwa. Ndivyo ilivyo nguvu inapotumiwa mahali pa elimu: huharibu hata lile lililokuwa jema.

Mahali ambapo wanaume wameelezwa na kuachiwa wachague, matokeo yamekuwa mengine. Katika Canada, Uingereza na New Zealand, hata katika nchi ndogo ya milimani ya Bhutan, waume wanaofunga uzazi ni wengi kuliko wake. Karibu na sisi, Rwanda ilianza mwaka 2010 kuwafundisha madaktari wa hospitali za wilaya njia ya kisasa ya upasuaji huu, na zaidi ya wanaume 2,000 wakajitokeza katika miaka michache ya kwanza. Katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, wako wakulima wa kawaida waliochagua njia hii, na wataalamu waliowahoji walikuta kwamba mazungumzo kati ya mume na mke, pamoja na ushuhuda wa mwanamume aliyekwisha kufanyiwa, vilikuwa na nguvu kuliko mabango.

Zipo pia imani za dini, nazo ziheshimiwe. Kanisa Katoliki, katika barua ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1968, lilikataza kufunga uzazi kwa mume na kwa mke. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hutofautisha kati ya kuzuia mimba kwa muda kwa ridhaa ya mume na mke, ambako wanakuruhusu, na kukata uzazi moja kwa moja bila ya dharura, ambako wanakukataza. Mwenye dini na aongee na kiongozi wake, kisha aamue kwa dhamiri yake. Mazungumzo haya hayakuja kumtoa mtu katika imani yake. Yamekuja kumtoa katika uvumi.

Tusisahau pia kwamba vasektomi haizuii UKIMWI wala ugonjwa wowote wa zinaa. Katika miji ya mpakani, penye malori, nyumba za kulala wageni na fedha za haraka, mtu asidhani kwamba kwa kuwa hawezi tena kumpa mwanamke mimba, basi amepata pasi ya kutembea ovyo. Virusi havipiti katika mirija iliyofungwa peke yake. Kondomu na uaminifu bado vina kazi yake.

Mwenye nia, basi, afanye hivi. Azungumze kwanza na mkewe, si kwa kumtangazia, bali kwa kushauriana. Aende katika hospitali ya serikali au katika kliniki ya kupanga uzazi na kuuliza kama yuko daktari aliyefundishwa upasuaji huu, na kama hayuko, aelekezwe alipo. Aulize maswali yote, hata yale ya aibu. Hatatia sahihi mpaka aelewe anatia sahihi nini. Na akibadili nia akiwa mlangoni, hata akiwa juu ya meza, ana haki ya kuvaa nguo zake na kwenda nyumbani, wala asiitwe mwoga.

Ndugu msikilizaji, tulianza na swali la maksai, na tumalizie na jibu lake. Kuna tofauti mbili kati ya maksai na mwanamume aliyefunga uzazi. Ya kwanza ni ya mwili: mmoja aliondolewa udume wake, mwingine alifungwa njia ya mbegu tu. Ya pili ni kubwa zaidi. Maksai hakuulizwa. Mwanamume huulizwa, hufikiri, hushauriana na mwenzake, akasema ndiyo au la kwa kinywa chake mwenyewe. Na yule anayesema la baada ya kuelewa, sawasawa na yule anayesema ndiyo baada ya kuelewa, wote wawili wamefanya kazi ya mume na baba.